Monita za OLED Mtwara na Lindi: kinachounguza kioo ni gemu au swichi ya ukutani?

Tambi_Kumi

Wakuu, salaam. Monita za OLED sasa zinafika huku kwa basi kutoka Dar, zile za inchi 27 na zile ndefu za inchi 34, na swali ni lilelile: "Nikicheza gemu kila siku, kioo hakitaungua?" Kinaweza kuungua, ndiyo. Ila kwa mazingira ya Mtwara na Lindi gemu si mshitakiwa namba moja. Namba moja ni kidole kinachozima soketi ukutani. Nitafika huko.

Tuelewane kwanza neno lenyewe. Kioo kuungua hapa si kushika moto. LCD ina taa nyuma inayomulika kioo kizima. OLED haina, kila piseli (kinukta kimoja cha picha) inajiwakia yenyewe, na kemikali inayotoa huo mwanga inachakaa kadiri inavyowaka. Fikiria jiko la mchina la tambi kumi. Tambi zote zikiwa sawa zinapungua pamoja, na mwali hauonyeshi kasoro. Ziache tatu ziwake juu kuliko wenzake mwezi mzima, siku ukisawazisha jiko utaona pengo palepale zilipokuwa hizo tatu. Kivuli cha ubao wa matokeo kinachobaki kwenye kioo baada ya mechi elfu moja ndicho hicho: piseli za pale zimechakaa kuliko majirani zao.

Yanayoamua ni mambo matatu: mwanga umeuweka juu kiasi gani, kitu kilekile kimekaa mahali palepale jumla ya saa ngapi, na kioo kina joto kiasi gani. Saa zinajumlishwa. Mbili za leo na mbili za kesho ni nne, na kulala usiku hakufuti kitu. Mwanga nao hauendi sawa kwa sawa: ukiufanya mara mbili, uchakavu unaongezeka zaidi ya mara mbili. Bluu ndiyo inayochoka mapema kuliko rangi nyingine.

Dukani mtasikia WOLED na QD-OLED. WOLED ya LG Display inatoa mwanga mweupe unaochujwa kuwa rangi, na ina kijipiseli cha nne cheupe. QD-OLED ya Samsung Display inategemea zaidi mwanga wa bluu, unaogeuzwa kuwa nyekundu na kijani na chembe za kwanta. Muuzaji akikwambia moja kati ya hizo haiungui kabisa, mwache aendelee kuuza, wewe shika hela yako.

Sasa swichi. Monita hizi zina kinga mbili za ndani. Ya kwanza inasogeza picha nzima piseli chache kila baada ya muda, hutaiona ukicheza. Ya pili ndiyo ya maana: baada ya takriban saa 4 za matumizi, ukizima monita kwa kitufe chake, inabaki macho kwa siri, inapima hali ya piseli na kurekebisha umeme unaopelekwa kwa zile zilizochoka ili zilingane na wenzake. Kazi hiyo inachukua dakika 5 hadi 10 hivi. Inahitaji umeme.

Huku kwetu mtu akimaliza mechi anafanya nini? Anazima konsoli, halafu mkono unakwenda moja kwa moja kwenye soketi, tak! Kinga ya pili haijawahi kufanya kazi hata siku moja tangu monita itoke kwenye boksi. Miezi inapita, tofauti inajikusanya, halafu lawama zinakwenda kwa gemu.

Utaratibu unaotakiwa: bonyeza kitufe cha monita yenyewe. Angalia taa yake. Kwa monita nyingi itapepesa au kubadili rangi wakati kazi inaendelea. Iache dakika 15. Baada ya hapo zima ukutani ukipenda. Anayeogopa LUKU apige hesabu: monita iliyozimwa kwa kitufe inakula kama nusu wati. Nusu wati mara saa 24 mara siku 30 ni wati-saa 360, yaani hata nusu uniti kwa mwezi haifiki.

Msangamkuu_Upepo

Mkuu asante, hapo kwenye soketi umegusa kidonda. Swali: umeme ukikatika katikati ya hiyo kazi, au LUKU ikiisha saa 7 usiku, kioo ndiyo basi? Na masika je, radi zinapopiga nani ataacha kitu kwenye soketi?

Tambi_Kumi

Kukatika mara moja hakuui kioo. Monita inakumbuka kwamba kazi haikuisha, na itaianza upya ukiizima tena kwa utaratibu. Tatizo ni ikikatwa kila siku.

Masika wala usibishane na radi, chomoa. Ila wingu likianza kujaa upande wa bahari, ingia kwenye menyu ya monita, sehemu ya utunzaji wa OLED, uianzishe hiyo kazi kwa mkono. Ikiisha ndiyo uchomoe. Na uchomoe plagi yenyewe pamoja na waya wa antena au dishi kama vimeungana, maana kuzima swichi tu hakuzuii radi.

Lakini kuianzisha kwa mkono kusiwe mazoea ya kila saa. Hairudishi kemikali iliyokwisha, inasawazisha tu. Kuna na ile ndefu, inayochukua kama saa nzima. Hiyo iache mpaka monita yenyewe iombe, au uone kivuli ambacho ile fupi imeshindwa kukiondoa.

Volti230

Niongezee upande wa umeme. UPS ndogo (sanduku la betri la akiba) ya VA 650 inatosha. Ndani ina betri ya volti 12, Ah 7, ambayo kwa makaratasi ni wati-saa 84, ila kwa kazi halisi hesabu nusu yake. Monita peke yake ikila wati 60 unapata zaidi ya nusu saa, na kazi ya kusawazisha inaisha ikiwa na akiba. Ukiunganisha na PS5, ambayo kwenye gemu zito inafika wati 200 na kitu, utabaki na dakika 5 hadi 8. Hizo ni za kuhifadhi gemu na kuzima, si za kumalizia mechi.

Chukua UPS yenye kirekebisha volti ndani, ile inayopandisha umeme ukishuka na kuushusha ukipanda bila kugusa betri. Pia jueni kwamba kile kifaa cha kulinda friji kinasaidia umeme unaporudi kwa kishindo, kwa sababu kinasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu. Hakina betri lakini. Hakiwezi kumalizia kazi ya kioo umeme ukiwa umekatika. Watu wanavichanganya hivyo viwili.

Na mkishanunua UPS, msije mkaizima nayo kila usiku pamoja na soketi. Mtakuwa mmehamisha tatizo kutoka ukutani kwenda sakafuni.

Chikongola_FC

Wazee, naomba ushauri wa biashara. Kibanda cha gemu, PS5 tatu, mechi ni za mpira tu, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 4 usiku. Kuna mtu anauza OLED tatu kwa bei nzuri. Wateja watapenda ule weusi wake. Nichukue?

Tambi_Kumi

Usichukue, kaka.

Piga hesabu. Kibanda ni saa 12 kwa siku, toa muda wa kubadilishana wachezaji, weka 10. Kwa mwezi ni saa 300, kwa mwaka 3,600. Mtu wa nyumbani anayecheza saa 2 kila siku anafikisha 730 kwa mwaka. Kibanda chako kinamaliza kwa mwaka mmoja miaka mitano ya mtu wa nyumbani. Na picha ni ileile: ubao wa matokeo kona ya juu kushoto, rada (kiramani cha uwanja) chini katikati, majina ya wachezaji pembeni. Isitoshe kibandani mwanga unawekwa mpaka mwisho kwa sababu mlango uko wazi na jua linaingia. Huo weusi mteja hatauona. QD-OLED hasa, chumba kikiwa na mwanga mwingi weusi wake unageuka kuwa kijivu chenye uzambarau.

Chukua LCD, kioo cha IPS au VA, aina mbili za LCD. Hazina ugonjwa huu wa kudumu, na ikifa moja bei ya kuibadilisha haitakuumiza.

Binti_Mitema

Mimi napingana kidogo na hofu ya uzi huu. OLED za sasa si zile za zamani. Kuna zenye bamba la kupooza joto nyuma, na kuna teknolojia ya kupanga tabaka za mwanga moja juu ya nyingine ili kila moja iwake kidogo. iPad Pro ya 2024 inayo. Watu wengine wanatishika mpaka wanacheza gizani kama wanafanya magendo. Kwa mtu wa nyumbani anayebadilisha gemu, leo mpira, kesho mbio za magari, hatari ni ndogo.

Ninachotaka kusema ni kwamba gemu lenyewe mara nyingi linaonewa. Picha yake inatembea. Anayechosha kioo ni Windows. Ule ukanda wa chini wenye aikoni unakaa palepale kuanzia kompyuta inawaka mpaka inazima, na mtu akienda kula ugali anauacha wazi kwa saa nzima. Kama monita ni ya kompyuta, anzeni hapo:

Fungua Settings, Personalization, Taskbar, kisha Taskbar behaviors, uweke tiki ya kuuficha ukanda wenyewe. Bofya kitufe cha kulia kwenye eneo tupu la skrini, View, ondoa tiki ya Show desktop icons. Mandhari ya nyuma weka nyeusi kabisa. Kwenye OLED piseli nyeusi imezimwa, haichakai. Chagua mwonekano mweusi wa programu. Halafu kwenye mipangilio ya umeme agiza skrini ijizime baada ya dakika 3. Picha za kupendeza zinazopita skrini ikiwa imelala hazisaidii kitu hapa, kioo kizimwe.

Wanaotumia HDR (picha yenye mwanga mkali na rangi nyingi kuliko ile ya kawaida, SDR) wana mtego mwingine. Ukiwasha HDR na kuiacha, Windows inaamua yenyewe mwanga wa vitu vya kawaida, na mara nyingi ni mkali kuliko inavyohitajika. Kwenye ukurasa huohuo wa HDR kuna kitelezi cha mwanga wa SDR, kishushe. Au washa HDR unapoingia kwenye gemu tu, kwa Windows na Alt na B kwa pamoja, ukitoka uizime vivyo hivyo.

Tambi_Kumi

Dada, nakubali. Hasa la ukanda wa Windows. Mimi ningeongeza wale wa Football Manager: lile ni gemu kwa jina, kwa kioo ni ofisi. Menyu ileile ya pembeni saa 6 mfululizo.

Kwa wa PS5 na mpira: kwenye FC (gemu la mpira la EA) ingia mipangilio ya gemu, upande wa mwonekano, unaweza kuzima ubao wa muda na matokeo, na rada nayo unaweza kuiweka ya 3D au kuizima. Ukizoea kuangalia uwanja badala ya rada pasi zako zitaboreka pia, lakini huo ni uzi mwingine. GTA V, ingia Display, zima Radar unapozurura tu bila misheni. Mwanga wa monita kwa chumba cha usiku niti (kipimo cha mwanga wa skrini) 120 hadi 150 zinatosha. Kwa monita nyingi hapo ni katikati ya kipimo au juu kidogo.

Nangurukuru_27

Monita yangu ndefu, 3440 kwa 1440, nimeunganisha PS5. Pembeni kuna michirizi miwili myeusi. Ina madhara?

Binti_Mitema

Ina madhara ya polepole. PS5 haitoi picha ya upana wa 21:9. Kwenye urefu wa 1440 inachukua piseli 2560 katikati, zinabaki 880, yaani 440 kila upande zimezimwa. Katikati panachakaa, pembeni pako vilevile. Baada ya saa elfu kadhaa ukifungua ukurasa mweupe mpana utaona mikanda miwili pembeni inang'aa kuliko katikati. Ni kivuli kilichogeuzwa.

Usiivute picha ikajaa, wachezaji watakuwa wanene. Kama PS5 ndiyo kazi yake kuu, ungechukua ya 16:9. Kama ni nusu kwa nusu na kompyuta, hakikisha upande wa kompyuta unacheza magemu yanayojaza upana wote. Hapo uchakavu unagawanyika.

Msangamkuu_Upepo

Nimeona herufi zina ukingo wa kijani na zambarau, hasa maandishi madogo. Imeshaanza kuungua? Ina wiki 3.

Volti230

Haijaungua. Vijipiseli vya OLED havijapangwa mstari mmoja wa nyekundu, kijani, bluu kama Windows inavyotegemea. QD-OLED vimekaa kama mafiga. Ndiyo maana ukingo wa herufi unachukua rangi. Tafuta ClearType, zana ya kunyoosha herufi, kwenye Windows, pitia sampuli zake, chagua inayopunguza. Haitaisha yote.

Kwa kuwa wengi watauliza, haya nayo si kuungua: skrini kufifia ukifungua ukurasa mweupe mkubwa, hiyo ni monita kujipunguzia umeme. Picha kusogea kidogo pembeni, hiyo ni kinga ya kwanza aliyoisema mkuu. Mwanga kupepesa sehemu za giza gemu likiwa linapanda na kushuka fremu (idadi ya picha kwa sekunde), hiyo inatokana na kasi ya skrini kubadilika kufuata gemu. Funga fremu kwenye kiwango gemu linachoweza kukishika bila kuyumba, au zima hiyo hali kwa gemu lile.

Kuungua kwenyewe unakupima hivi. Zima taa za chumba. Fungua Paint, tengeneza rangi ya kijivu, weka 128 kwenye nyekundu, kijani na bluu zote tatu, jaza turubai, ionyeshe skrini nzima. Angalia kona ya juu kushoto, ukanda wa chini, na pale rada inapokaa. Rudia kwa nyekundu tupu, kwa bluu tupu, kisha kijivu kizito cha 13, 13, 13. Kwenye hiyo ya mwisho unaweza kuona mistari myembamba kwenye OLED nyingi, hata mpya. Ni kutolingana kwa kiwandani. Kuungua kuna umbo unalolitambua: namba, mstari wa aikoni, duara la ramani.

Ukiona umbo, usipaniki bado. Zima kwa kitufe, acha usiku mzima soketi ikiwa imewaka, asubuhi pima tena. Likiondoka lilikuwa kivuli cha muda. Likibaki, endesha ile kazi ndefu ya kusawazisha mara moja. Likibaki hata baada ya hapo, ndiyo lako hilo.

Kimanga_Newala

Nimeletewa ya mtumba, muuzaji yuko Kariakoo. Nimuombe nini kabla sijatuma hela?

Volti230

Video, asitume picha. Monita ioneshe kijivu cha 128 na nyekundu tupu, chumba kikiwa giza, kamera ipite kona zote nne polepole. Halafu afungue menyu ya monita na kuonyesha saa za matumizi na idadi ya mara ilizojisawazisha, kama aina hiyo inaonyesha. Saa 3,000 na kusawazisha mara 20? Maana yake ilikuwa inazimwa ukutani. Kwa saa hizo ilitakiwa kuwa imefanya mamia. Hapo shusha bei au acha.

Waranti: Dell wanafidia kuungua kwa miaka 3 kwenye QD-OLED zao za gemu, na kampuni nyingine zina masharti yao. Shida ni kwamba waranti nyingi zinafuata nchi ya mauzo. Iliyotoka Dubai uliza kwa maandishi kama inadaiwa Tanzania, na nani atalipa usafiri. Kioo cha OLED kikifa, fundi wa mtaani hana cha kukiokoa. Kubadilisha kioo kunakaribia bei ya monita nzima.

Chikongola_FC

Nimewaelewa, nachukua IPS. Na hawa vijana wa simu wanaocheza PUBG? Simu nazo si AMOLED, yaani aina ya OLED?

Tambi_Kumi

Ndiyo, ugonjwa ni uleule, na simu kwa kawaida haina ile menyu ya kusawazisha unayoweza kuianzisha mwenyewe. Vitufe vya kukimbilia na kufyatulia vinakaa palepale. Ndani ya PUBG Mobile, unapopanga vitufe, kuna kipimo cha kuvifanya viwe hafifu. Vishushe mpaka uvione kwa shida, vidole vinajua njia. Kucheza ikiwa kwenye chaji, mwanga umejaa, juani kwenye kivuko cha Msangamkuu, ni kuweka yale mambo matatu pamoja.

Joto ni hivyohivyo kwa monita. Usiibane ukutani, acha sentimita 10 nyuma, usiiwekee kitambaa juu ya matundu ikiwa inawaka. Feni ya mezani ikipuliza upande wa nyuma inasaidia kweli kwenye joto la Novemba.

Kimanga_Newala

La mwisho kwangu. Msimu wa kupuliza mikorosho, salfa inaingia mpaka ndani. Kioo nakifuta na nini?

Volti230

Usifute kikavu, hasa QD-OLED, ngozi yake ya juu inachanika kirahisi na ule unga unafanya kazi ya msasa. Zima, subiri imalize kujisawazisha, kiache kipoe. Peperusha unga kwa brashi laini ya kupakia rangi au kipulizio cha mkono. Mdomo hapana, mate yanaganda. Kisha kitambaa laini cha nyuzi ndogo, kilowe maji yaliyochujwa kidogo tu, kikamue, futa kutoka juu kwenda chini bila kukandamiza. Spiriti, sabuni na dawa ya vioo vya madirisha visikaribie. Maji yapakwe kwenye kitambaa, yasipuliziwe kioo, yatashuka mpaka kwenye ukingo wa chini na kuingia ndani.

Wakati wa kupuliza, ifunike kwa shuka ikiwa imezimwa na imepoa. Na kitambaa kikishageuka njano kifue kwanza, usikirudishe kwenye kioo.